Kisanduku Kilichofichwa ni Amana

Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu tumeifahamu kuwa ni ya kumtoa mvivu nyumbani. Lakini uko mchezo siku hizi ambao wachezaji wake hutoka makusudi kwenda kuokota kile ambacho mwenzao, wasiyemjua, amekificha makusudi kiokotwe. Wazungu huuita mchezo huo jiokeshingi. Mimi nitauita msako wa visanduku, nawe msomaji ukipata jina bora zaidi utanisahihisha.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Mtu huchukua kisanduku kisichoingia maji, akatia ndani daftari dogo na penseli, pengine na vitu vidogo vidogo vya kubadilishana, kisha akakificha mahali. Halafu hutangaza kwa njia ya intaneti vipimo vya mahali hapo, yaani latitudo na longitudo. Atakaye hukitafuta kwa msaada wa simu yake. Akikipata, huandika jina lake na tarehe katika daftari, akakirudisha palepale. Akichukua kitu huacha kingine chenye thamani hiyo au zaidi. Hakuna dau linalowekwa wala fedha zinazoshindaniwa.

Mwanzo wake ni wa juzijuzi. Hadi mwaka 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake zilizokuwa zikiwafikia raia, hata kipimo kikaweza kukosea kwa kiasi cha meta 100. Tarehe 2 Mei mwaka huo uvurugaji ukakomeshwa. Kesho yake Dave Ulmer alificha ndoo nyeusi katika miti karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, ndani yake mkiwa na daftari, penseli, kanda za video, vitabu, manati na kopo la maharagwe, kisha akawaambia watu vipimo vya mahali ilipo. Leo visanduku vilivyotawanyika duniani vimepita milioni 3.

Kwetu sisi watu wa pwani, kutafuta mahali kwa kutazama juu si jambo geni. Manahodha wa majahazi walijua kupima kimo cha nyota ili wajue wamefika latitudo gani, na Ahmad bin Majid aliiandikia vitabu elimu hiyo katika karne ya 15. Nyota za mchezo huu ni za kutengenezwa na binadamu. Zinazunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Simu husikiliza nne au zaidi, ikalinganisha muda ambao kila ishara imechukua kufika, ndipo ikajua mahali ilipo. Dakika moja ya latitudo ni kama maili moja ya baharini. Ukiigawa dakika hiyo mafungu elfu, kila fungu si zaidi ya meta mbili. Hapo ndipo utaona jinsi mtu wa mbali anavyoweza kuelekezwa mpaka kwenye shina la mti.

Basi mchezo huu nimeuona kwa macho yangu, si Mombasa, bali Daraja Mbili mjini Kisii. Mpwa wangu amehamia huko kwa biashara ya nguo za mitumba, nami nilikwenda kumjulia hali. Daraja Mbili ni soko kubwa la uwanjani. Ndizi zimerundikwa mikungu kwa mikungu, mnavu na mgagani umefungwa mafungu, na kelele za wauza nguo hazipoi mpaka jioni. Mji umekaa katika vilima na mto Nyakomisaro unapita bondeni. Hata kibla kimebadilika kidogo: Mombasa tunaelekea karibu kaskazini kamili, na Kisii huna budi kugeuka kiasi cha digrii 12 kuelekea mashariki.

Mpwa wangu alikuwa amevutwa na msako huu, akataka kuficha kisanduku chake mwenyewe. Mahali alikuwa amekwisha kupachagua. Akaniambia, "Mjomba, chini ya daraja, hapa hapa karibu na soko. Nitakitia sumaku kinate kwenye chuma. Nani atakiona?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo ndilo linalonitisha. Siogopi wasikione. Naogopa wakione."

Nchi hii imepitia Agosti 1998 pale Nairobi, imepitia Westgate mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Sisi tunaovaa kofia twajua jinsi macho yalivyobadilika baada ya kila msiba. Kijana wa Kiislamu, mgeni, anainama chini ya daraja kando ya soko lililojaa watu, anabandika kisanduku, kisha anatazama huku na huku asionekane. Nani atakayengoja kuuliza kama huo ni mchezo? Na si Kenya tu. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, kisanduku cha mchezo huu kilitiliwa shaka, wakaitwa askari wa mabomu, wakakilipua. Ndiyo maana kanuni za mchezo zenyewe zinahadharisha juu ya madaraja, shule, viwanja vya ndege na majengo ya serikali. Pia zinataka idhini ya mwenye ardhi, na zinakataza kuchimba ardhi ili kufukia kisanduku bila idhini hiyo.

Kijana alinung'unika, kisha akakubali. Tukapata njia nyingine, nayo ni ya kawaida katika mchezo huu. Kisanduku huwekwa mbali, na sokoni hapawekwi chochote. Mtafutaji hupewa vipimo vya sokoni, afike, ahesabu kitu kilicho wazi kwa kila mtu, kama herufi za kibao au ngazi za mlango, na hesabu hiyo ndiyo impe vipimo vya kisanduku chenyewe. Kwa hiyo mgeni ataiona Daraja Mbili, atanunua ndizi zake, wala hatainama chini ya daraja la mtu.

Kisanduku tulikiombea nafasi kwa mzee mmoja mwenye shamba kilimani. Mpwa wangu alimwamkia, "Shikamoo baba," akamweleza shauri lote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kifungue nikione." Akakifungua, akaitazama penseli, akalipindua daftari. "Haya. Kiweke pale kwenye ua. Lakini siku utakayochoka, uje mwenyewe ukiondoe. Usiniachie takataka yako."

Msomaji, katika maneno ya mzee yule mna kanuni zote za mchezo.

Vifaa vyenyewe havina gharama kubwa, na karibu vyote tulivipata sokoni. Chombo kiwe na kifuniko cha kubana chenye mpira wa kuzuia maji. Tulichagua kinachoonyesha ndani, ili atakayekikuta aone daftari kabla ya kuogopa. Wachezaji wa ng'ambo huviringisha daftari katika mfuko wa plastiki, lakini Kenya mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi kifuniko kizuri ndicho kinga. Andika kwa penseli, maana wino hutiririka ukipata unyevu. Tia kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu, kama zile zinazokuja ndani ya viatu vipya. Chakula usitie kabisa, kwa kuwa kitaita panya na siafu. Wala usitie kisu, kiberiti wala dawa, kwani huenda mtoto akawa wa kwanza kufungua. Juu yake andika ni nini na ni cha nani, na ndani weka karatasi ya maelezo kwa Kiswahili na Ekegusii.

Karatasi hiyo nimeitilia mkazo kwa sababu. Sisi tumefundishwa adabu ya kitu kilichookotwa: mwenye kukiokota hakifanyi chake, bali hukitambua chombo chake na kukitangaza. Mkulima mwaminifu akikiona kisanduku uani atahangaika kumtafuta mwenyewe. Si haki kumsumbua mtu mwema kwa mchezo asioujua. Hukumu zake nawaachia mashekhe, lakini adabu yake naiona iko wazi.

Anayekwenda kutafuta naye ajiandae. Simu iwe imejaa chaji, na betri ya akiba iwepo, kwani ramani hula chaji upesi. Buti za mpira ni lazima, maana udongo wa Kisii ukilowa huteleza kama bamia. Mtu wa pwani achukue sweta pia, kwani mji uko kwenye kimo cha kiasi cha meta 1,700. Mvua ya huko hupenda kuja alasiri, basi toka asubuhi, nawe utarudi kabla haijakukuta mtelemkoni. Mwambie mtu unakokwenda. Soma alama za ugumu: kila kisanduku hupewa namba mbili kutoka 1 mpaka 5, moja ya ugumu wa kukipata na ya pili ya ugumu wa njia. Ukifika usiiamini simu mno. Chini ya migomba na kando ya kilima ishara hupotoka, na kipimo huweza kukosea meta kadhaa. Hapo iweke simu mfukoni utumie macho. Kwa sababu hiyohiyo mwenye kuficha hupima mara nyingi kwa siku mbalimbali, akachukua wastani.

Kazi kubwa huja baada ya kuficha, na hapo ndipo wengi huchoka. Kisanduku kina ratiba yake kama kisima. Baada ya mvua nyingi uende ukakitazame: kifuniko hakijapasuka? Daftari limelowa? Penseli ipo? Karatasi iliyojaa uibadilishe, na iliyolowa uianike. Mtafutaji akileta habari kwamba hakukiona, usimdhanie uvivu. Huenda ng'ombe amekipiga teke, au ua umekatwa. Nenda ukahakikishe. Na ukihama mji, ama umkabidhi mwenzako, ama ukiondoe na kutangaza kwamba hakipo tena.

Nilimwuliza mpwa wangu faida ya taabu yote hii ni nini. Akanijibu kwamba amekaa Kisii miaka mitatu na kilima kile hajapata kukipanda hata mara moja. Sasa amepajua, na mzee amemjua kwa jina.

Jibu hilo lilinitosha. Sikumpa rai ya kuacha mchezo, wala sikusema ni upuuzi wa kizungu. Nilimpa wasia mmoja tu: kila mwezi, kuwe na mtafutaji au kusiwe, apande kilima akampe mzee salamu kwanza, ndipo atazame kisanduku. Kisanduku kibovu hutengenezeka kwa siku moja, na imani ya mwenyeji ikiharibika mpira wa kifuniko hautaizibia.