Kurefusha nyaya za bafle ili watu wa nyuma wasikie



Katika makanisa mengi ya kwetu, tangu Kasongo mpaka Kabambare, vyombo vya sauti havikutengenezwa kwa ajili ya kanisa. Mara nyingi ni vya nyumbani: mashine ya kutazamia filamu, yenye bafle ndogo tano na moja kubwa ya besi, ambayo mshiriki fulani ameitoa kama sadaka. Sebuleni inatosha kabisa. Lakini nyumba ya ibada yenye urefu wa mita 25 si sebule, na nyaya zilizokuja na mashine hazifiki hata katikati. Kule nyuma wanakaa wazee ambao miguu imewachelewesha, akina mama wenye watoto wachanga, na wale waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita, wanaoona haya kukaa mbele. Hao ndio wasiosikia.

Sisi tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulinunua waya wa bei ndogo, ule mwembamba wa taa, tukaurefusha mpaka mlangoni. Bafle za nyuma zikalia kama redio iliyofungiwa sandukuni. Tukaongeza sauti. Tukaongeza na bafle nyingine mbili juu ya zile zile. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, mashine ikatoa moshi, na pesa ambayo kwaya ilikuwa imechanga kwa ajili ya sare ikaenda kwa fundi. Tunaeleza hapa tulichojifunza, ili wengine wasilipe mara ya pili.

Waya wa shaba unapitisha umeme, lakini pia unauzuia kidogo. Kadiri unavyokuwa mrefu, unazuia zaidi. Kadiri unavyokuwa mnene, unazuia kidogo. Kizuizi hicho kinapimwa kwa omu. Na tukumbuke kwamba umeme unakwenda na kurudi: bafle iliyo umbali wa mita 25 inahesabiwa mita 50 za waya. Waya wa milimita mraba 0.5 kwa mita 50 unazuia karibu omu 1.7. Bafle nyingi za mashine za nyumbani zina omu 4 tu, kwa hiyo karibu nusu ya nguvu haifiki nyuma. Ukitumia waya wa 1.5, kinachopotea ni karibu robo. Ukitumia wa 2.5, hakizidi sana asilimia 15. Unene huo umeandikwa kwenye mpira wa waya au kwenye rola lake, kwa mfano 2 x 1.5. Sokoni kuna nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu juu; zinazuia zaidi kuliko shaba tupu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba.

Moshi wetu ulikuwa na sababu nyingine. Ukifunga bafle mbili za omu 4 kwenye tundu moja, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, mashine inaona omu 2. Ampli inatoa umeme mwingi kuliko uwezo wake, inapata joto, inaungua. Nyuma ya ampli nyingi pameandikwa omu za chini zinazokubali. Usishuke chini ya hapo. Kama ni lazima kuongeza bafle, zifungwe kwa kufuatana, umeme upite ya kwanza ndipo uingie ya pili, hapo 4 na 4 zinakuwa 8. Sauti itapungua kidogo, lakini mashine itapona.

Kwenye kiungo, menya mpira kiasi cha sentimita 2, sokota nyuzi vizuri, au bora zaidi tumia domino, kisha funga kila upande peke yake kwa skochi. Nyuzi za pande mbili zikigusana, hata uzi mmoja tu, ampli iko hatarini. Usichanganye nyekundu na nyeusi: bafle moja ikigeuzwa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inapotea. Ukiwa na mashaka, gusisha jiwe la redio la volti 1.5 kwenye nyaya kwa sekunde moja, bafle ikiwa imetolewa kwenye mashine. Ngozi yake ikitoka nje, upande wa chanya ndio wa nyekundu.

Kuna jambo ambalo lilitusumbua hata baada ya kubadilisha waya. Mashine ya filamu inapeleka maneno kwenye bafle ya katikati mbele, na nyuma inapeleka kelele za mvua na magari tu. Tafuta kwenye rimoti mpangilio unaotoa sauti ile ile kwenye bafle zote. Pia sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, na umeme unaiacha mbali sana. Aliye nyuma anasikia kwanza bafle iliyo karibu naye, kisha ile ya mbele inamfikia kama mwangwi. Tulizitundika zile za nyuma katikati ya jengo, zikielekea mlangoni, na kupunguza sauti yake. Katika Nehemia 8, Ezra alisimama juu ya jukwaa la mbao, na Walawi wakawaelewesha watu. Hata yeye hakutegemea sauti moja ya mbele.

Nyaya zipitishwe juu ya boriti, si chini ya mkeka. Panya wa kwetu wanapenda mpira wa waya kuliko muhogo. Kila mwisho ufungwe kitambaa chenye jina la bafle yake. Kisha kijana asome Zaburi kwenye mikro, na mchungaji mwenyewe aende kukaa kwenye benchi la mwisho, jenereta ikinguruma nje kama kawaida.