Kompyuta Ikichelewa Kuamka, Usikimbilie Kuitupa

KATIKA nyumba nyingi za wafanyakazi mijini, kompyuta imekwisha kuwa chombo cha nyumbani kama zilivyo pasi na redio. Mwanafunzi huifanyia kazi za shule, mama mwenye duka huandika humo hesabu za mauzo, na baba huhifadhi humo barua, vyeti na picha za jamaa. Lakini ziko kompyuta ambazo mtu akishabonyeza kitufe cha kuziwashia, hupata wasaa wa kuchemsha chai na kuinywa kabla hazijawa tayari kwa kazi.

Hapo ndipo ushauri wa kila namna unapomiminika. Huyu atasema imezeeka, iuzwe. Yule atasema ipelekwe kwa fundi ifutwe yote na kupangwa upya. Kabla ya kutoa fedha iliyopatikana kwa jasho, yafaa familia ifahamu chanzo cha uchelewaji huo. Mara nyingi dawa yake haina gharama yoyote. Na mara nyingine uchelewaji ni dalili ya hatari inayozidi usumbufu wenyewe.

Je, hutokea nini kompyuta inapowashwa? Kwanza hujikagua viungo vyake. Kisha husoma kutoka katika diski ile programu kuu inayoiendesha, mathalani Windows, na kuiweka katika kumbukumbu yake ya kazi. Mwisho huziita programu nyingine zilizoagizwa kuanza zenyewe. Basi jambo la kwanza ni kutazama saa na kuona ni hatua ipi inayokwama.

Kama nembo ya mtengenezaji inaganda kwenye kioo muda mrefu kabla Windows haijaanza, chomoa flashi, printa na vitu vingine vilivyounganishwa, kisha uiwashe tena. Huenda ilikuwa inahangaika na kimojawapo.

Kama ukurasa wa kuandikia neno la siri unafika upesi, lakini baada ya hapo kila kitu kinajikokota, washukiwa wa kwanza ni programu zinazojianzisha. Nyingi kati ya zile tunazoweka wenyewe, kama za muziki, michezo na mazungumzo, hujiandikisha kimya kimya ziamke pamoja na mashine. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha ufungue sehemu iliyoandikwa Startup. Hapo utaona orodha ya programu hizo, na kiasi ambacho kila moja inachelewesha. Zizuie zile zisizo za lazima. Kuzizuia si kuzifuta; utazifungua mwenyewe siku utakapozihitaji. Ile inayokinga virusi usiiguse, wala usiyoijua kazi yake.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zikizimwa kwa njia ya kawaida huweka akiba ya sehemu ya kazi zake katika diski ili zianze upesi kesho yake. Kwa hiyo hitilafu ya leo yaweza kulala na kuamka nayo. Ukichagua Restart badala ya kuzima, mashine huanza upya kabisa.

Baada ya programu, itazame diski. Ikiwa imejaa pomoni, Windows hukosa nafasi ya kufanyia kazi zake. Ondoa filamu na mafaili yasiyotakiwa. Tena, chunguza ni diski ya aina gani. Kompyuta ndogo za zamani zina diski ya kuzunguka, na nyingi ya hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika, huku mkono mdogo ukienda huku na huko kutafuta maandishi. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na husoma kwa wepesi mkubwa zaidi. Kwa mashine ambayo viungo vyake vingine ni vizima, badiliko hilo moja huleta nafuu kubwa, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua kompyuta nyingine. Kumbukumbu ya kazi nayo ina mchango wake: GB 4 ni haba kwa matumizi ya leo, na GB 8 hutosha nyumba nyingi.

Sasa tuje kwenye onyo. Ikiwa uchelewaji umezuka ghafla, mashine inaganda mara kwa mara, mafaili yanakataa kufunguka, au diski ya kuzunguka inatoa mlio wa kugonga, yamkini diski hiyo inakufa. Usianze kufuta wala kupanga chochote, maana kila kuiwasha ni kuitwisha mzigo mgonjwa. Nakili kwanza vyeti, hesabu na picha katika diski nyingine. Kama inagonga, izime na kumwona fundi mwenye ujuzi. Diski mpya hununuliwa dukani. Picha za wazazi waliofariki haziuzwi popote.

Hata kwa fundi, mwenye mali asinyamaze. Amwulize waziwazi: “Utafuta kitu gani, na vitu vyangu utavinakili wapi?” Fundi mwema hachukizwi na swali hilo, mara nyingi yeye ndiye huliuliza kwanza, kabla hajashika bisibisi.

Wenye Windows 10 wanaambiwa pia kwamba mashine zao zimekwisha muda. Ni kweli kwamba Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa programu hiyo tarehe 14 Oktoba, 2025, na jambo hilo lahusu usalama wake. Lakini halielezi kwa nini kompyuta inachelewa kuamka, na hayo mawili yasichanganywe wakati wa kuhesabu fedha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumapili moja ya kunakili yaliyo muhimu na kuzuia programu zisizo na kazi yaweza kuiokolea familia bei ya kompyuta mpya, na kumbukumbu zake zisizo na bei.