Funguo Tatu: Tunavyowafunza Viongozi Kawangware

Mtu akinijia kusema anataka kufunzwa uongozi, namuuliza kwanza anachanga katika chama gani na amepewa kazi gani humo. Viongozi hapa mtaani Kawangware, Nairobi, wapo tele. Karibu kila ploti ya mabati, toka Gatina hadi Kabiro, ina mama anayeshika daftari la michango. Anajua nani amechelewa kwa sababu mtoto amelazwa, na nani hukwepa kwa tabia tu. Anatoza faini bila kuvunja urafiki, anasuluhisha, anafunga hesabu mbele ya wenzake wenye macho makali. Lakini mama huyohuyo akiingia katika mkutano wa kaunti hukaa nyuma kabisa na kunyamaza. Kazi yangu ni kumtoa huko nyuma.

Ndiyo maana mafunzo yangu huanza na sanduku. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu, sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, kisha ukaenea barani. Naliweka mezani na kuuliza kwa nini kufuli ziwe tatu.

"Ili pesa isiote miguu, mwalimu," hujibu mmoja, na wenzake wanaafiki.

"Na pesa ya kaunti je? Funguo zake anashika nani?"

Hapo somo limeanza. Katiba ya mwaka 2010 iliweka funguo hizo. Gavana na serikali yake hupendekeza bajeti, bunge la kaunti huipitisha, na Msimamizi wa Bajeti asipoidhinisha, pesa hazitoki katika hazina ya kaunti. Mwisho huja Mkaguzi Mkuu kuangalia zilikokwenda. Mtu aliyewahi kushika ufunguo wa chama huelewa mpango huu upesi kuliko wasomi wengi niliowahi kuwaeleza, kwa sababu ameuishi.

Sikubuni njia hii ya kufundisha kwa maswali. Mizizi yake iko Brazili, kwa Paulo Freire, aliyewafundisha watu wazima kusoma kwa kuanzia na maisha yao wenyewe. Katika miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel waliileta Kenya kupitia mafunzo yaliyoitwa DELTA, wakifanya kazi na majimbo ya Kanisa Katoliki, kisha wakayaandikia vitabu vilivyoanza kutoka mwaka 1984. Mkufunzi haleti jibu. Analeta picha au igizo fupi la jambo linalowakera watu, kisha anauliza: Mnaona nini? Kwa nini linatokea? Kwetu linatokea vipi? Tufanyeje?

Igizo letu la kila mara ni la maji. Mifereji imekauka, mwenye mkokoteni amepandisha bei ya mtungi wa lita 20, mama ana nguo za mtoto za kufua na shilingi chache kitambaani. Mwanzoni lawama zote humwangukia mwenye mkokoteni. Baadaye mmoja husema naye huyo ananunua. Wanamgeukia mwenye ploti, kisha kampuni ya maji, kisha wanauliza kampuni ni ya nani. Nairobi kampuni ya maji ni ya kaunti. Sasa wanajua mlango wa kubisha, na wameufikia kwa akili zao.

Kujua mlango ni nusu ya uongozi katika mtaa kama wetu. Nimeona watu wakimpigia kelele MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, juu ya madarasa ya shule ya msingi, jambo la serikali kuu na la hazina ya maendeleo ya eneo bunge, huku zahanati, chekechea na mitaro ya maji machafu, mambo ya kaunti, hakuna anayeyauliza. Mwanasiasa mjanja huipenda hali hiyo.

Baada ya milango huja tarehe. Tunaziandika kwa wino mzito kwenye karatasi kubwa ya manila na kuitundika ukutani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoamua kila idara ipate kiasi gani, hufika 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika 30 Aprili. Mwaka wa fedha huisha 30 Juni. Wakazi wengi husikia habari za bajeti mwezi wa Juni, redioni, na kwenda kulalamika wakati viwango viligawanywa tangu Februari. Nawaambia wanafunzi wangu wafike Agosti na karatasi mkononi. Wengine hucheka, kwamba Agosti nani anafikiria bajeti? Basi huo ndio wakati wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo mkufunzi anayetoka nje ya mtaa hukosea, nalo ni ardhi. Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi, ilikua juu ya ardhi ya serikali. Wanubi waliotumikia jeshi la Waingereza walikaa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, na hadi leo wenye nyumba wengi hawana hati ya kiwanja. Kawangware ni tofauti. Eneo lake la Dagoretti lilikuwa mashamba ya familia za Wakikuyu na liliingizwa ndani ya mipaka ya jiji wakati wa uhuru, kwa hivyo sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi. Ukidai choo cha umma Kawangware, swali la kwanza utakaloulizwa ni kitajengwa wapi. Tunawafunza watu kutafuta kipande cha umma kwanza, kando ya shule, soko au barabara, ndipo waandike ombi. Na tunawafunza kuongea na wenye ploti, kwa sababu mpangaji anayepaza sauti peke yake anaweza kuambiwa ahame mwisho wa mwezi. Nimeona mama mzuri sana wa kikundi akihamishwa hivyo. Tangu hapo hakuna ombi letu linalobeba jina moja.

Zoezi gumu kuliko yote ni dakika mbili. Kila mmoja husimama, anataja anakokaa, anachoomba, kwa nini, na kitanufaisha nyumba ngapi, kisha anaketi. Mama mmoja, anayekwenda Lavington kila asubuhi kusubiri kazi ya kufua, alinikatalia.

"Mimi sikusoma, mwalimu. Nitasema nini mbele ya watu wa tai?"

Nikamwomba anitajie tu vyumba vya ploti yao na vyoo vyake. Alivitaja mlango kwa mlango, na nani ana mtoto mchanga, na nani ni mgonjwa hawezi kusubiri foleni usiku. Hakuna afisa ambaye angeweza kumpinga, maana hakuna afisa aliyekuwa na hesabu hiyo.

Ujuzi kama huo wa mtaa umetumika kwingine pia. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walifunzwa kutumia vifaa vya kupima mahali wakachora ramani ya mtaa wao, ambao kwenye ramani za intaneti ulikuwa karibu mtupu. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akitazama nyumba zipatazo 100. Hawa wote ni wakazi waliopewa ujuzi na daftari, na wanajua mengi. Ningependa kila mmoja wao apewe pia kalenda ya bajeti.

Siwalipi watu kuhudhuria. Chai na mandazi vipo, nauli kwa anayetoka mbali, basi. Mitaa hii imezoeshwa posho ya kukaa, na aliyekuja kwa posho humfuata yeyote mwenye bahasha nene zaidi msimu wa kampeni ukifika. Hilo halinichekeshi. Baada ya marudio ya uchaguzi wa urais ya 26 Oktoba 2017, fujo zilizuka Kawangware, vibanda vikachomwa, watu wakafa, majirani wakatazamana kwa kabila. Kwa hiyo kila kundi ninalofunza huchanganywa kwa makusudi, na kila mtu huondoka na nambari za simu za wenzake.

Siku ya mwisho tunaandika barua. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuiomba ofisi ya umma taarifa, mathalan mkataba wa taa za barabarani au kiasi kilichotumika kwa mtaro, bila kueleza sababu. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na ikiwa jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ikikataa, rufaa huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tunaandika nakala mbili, moja inapigwa muhuri wa kupokelewa na kubaki kwetu. Katibu wa kundi huhesabu siku tangu tarehe ya muhuri, na siku ya 22 kundi lote hurudi kwenye dirisha lile na nakala yao.