Jiwe Jeusi la Kakanda na Diski Zinazosaidiana

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo nawasimulia habari ya jiwe linalotunza kumbukumbu.

Mji wetu wa Kakanda uko kaskazini-magharibi ya mji wa Likasi, na ardhi yake imejaa shaba na kobalti. Jiwe la kijani mnalolijua ni malakiti, nalo lina shaba. Lile jeusi ni heterojeniti, nalo ndilo lenye kobalti. Wengi wameshasikia kwamba kobalti huingia katika betri za simu. Lakini ina kazi nyingine pia. Huchanganywa na kromu na platini, kisha hupakwa juu ya sahani zinazozunguka ndani ya diski ya kompyuta, katika tabaka jembamba mara maelfu kuliko unywele. Kila kidoa cha tabaka hilo ni sumaku. Mielekeo ya sumaku hizo ndiyo inayotunza tarakimu 1 na 0. Picha za arusi, nyimbo na masomo yenu yote huandikwa kwa tarakimu hizo mbili.

Diski ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja na upana wa sentimita 61, na zote pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Siku hizo sahani zilipakwa oksidi ya chuma. Kobalti ilikuja baadaye.

Miaka ikapita. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa wazo jipya: badala ya kununua diski moja kubwa ya bei kali, unganisha diski ndogo nyingi za bei nafuu zifanye kazi pamoja. Mpango huo wakauita RAID. Ila waliona hatari moja. Diski moja ikitarajiwa kudumu saa 30,000, basi ukiwa na diski 100, kwa wastani mojawapo itakufa kila baada ya saa 300. Hizo hazifiki wiki mbili! Kwa hiyo diski hizo lazima zilindane.

Sasa tembeeni nami kwa fikra katika nyumba nne. Kila nyumba ina kompyuta, na kila diski inasoma megabaiti 150 kwa sekunde. Tutafungua filamu ya megabaiti 3,000.

Nyumba ya kwanza ina diski moja. Filamu inasomwa kwa sekunde 20.

Nyumba ya pili ina diski mbili katika RAID 0. Kipande hiki cha faili kinakwenda diski ya kwanza, kinachofuata kinakwenda ya pili, kama watu wawili wanaotwanga kwa zamu katika kinu kimoja. Filamu inasomwa kwa sekunde 10 hivi. Inapendeza! Lakini diski moja ikifa, faili zote zimepotea, kwa sababu kila faili kubwa imegawanywa kati ya hizo mbili. Na mkifungua faili ndogo ndogo, moja baada ya nyingine, hamtaona tofauti kubwa. Sahani inazunguka mara 120 kwa sekunde, na kichwa cha kusoma hungoja wastani wa nusu mzunguko, karibu milisekunde 4, mpaka kidoa kinachotafutwa kifike chini yake. Kuongeza diski hakufupishi kungoja huko.

Nyumba ya tatu ina RAID 1. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa vilevile kwenye ya pili. Kuandika hakuongezeki kasi, na nafasi mnayopata ni ya diski moja tu. Ila watoto wawili wakifungua vitu tofauti kwa wakati mmoja, kila diski inaweza kumhudumia mmoja. Diski moja ikifa, kazi inaendelea.

Nyumba ya nne ina diski tatu katika RAID 5. Hapa pana hesabu nzuri, itazameni vizuri. Diski ya kwanza imeandikwa 1, ya pili 0. Safari hii ya tatu inaandikwa tarakimu itakayofanya idadi ya 1 iwe shufwa, kwa hiyo nayo inapata 1. Diski ya kwanza ikifa, tunabaki na 0 na 1. Ili 1 ziwe mbili, iliyopotea ilikuwa nini? Naam, ilikuwa 1! Hivyo ndivyo kompyuta inavyofufua faili nzima. Filamu inasomwa kwa sekunde 10 hivi, lakini kubadilisha kitu kidogo kunadai kazi nne: kusoma cha zamani, kusoma hesabu yake, kuandika kipya, na kuandika hesabu mpya.

Kwetu, RAID 5 inataka uangalifu zaidi. Umeme ukikatika baada ya kitu kipya kuandikwa na kabla ya hesabu yake, viwili hivyo havilingani tena. Na diski moja ikifa, kujaza ile mpya ya terabaiti 4 huchukua zaidi ya saa saba. Betri ya akiba ya kompyuta ni muhimu hapo kuliko diski ya ziada.

Angalieni pia njia ya kupitia. Mkiziunganisha diski mbili za RAID 0 kwa USB 2.0, njia hiyo hupitisha takriban megabaiti 40 kwa sekunde. Filamu itachukua sekunde 75, polepole kuliko diski moja iliyo ndani ya kompyuta. Na diski moja ya SSD, isiyo na sahani ya kuzunguka, inaweza kusoma megabaiti 500 kwa sekunde na kuishinda RAID 0 ya nyumba ya pili.

Mkitaka kulinganisha wenyewe, tumieni faili ileile na kompyuta ileile, mbadilishe kitu kimoja tu kila mara. Zimeni na kuwasha kompyuta kati ya majaribio, maana hukumbuka faili iliyotoka kufunguliwa. Jaribuni faili moja kubwa, kisha folda ya faili ndogo nyingi.

Anayetengeneza video za muda apate RAID 0. Anayetunza picha za ukoo apate RAID 1. Lakini mkifuta picha kwa bahati mbaya, RAID 1 itaifuta kote kuwili papo hapo. Na radi au mwizi hachagui diski. Basi nakilini picha zenu kwenye diski nyingine, mkaiweke kwa shangazi yenu Likasi.