JE, WAJUA? Makaroni ya Goma hayana haraka

Goma iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana makaroni huchelewa kidogo kuiva.

Yakiiva, yachuje, uyachanganye na maziwa na jibini ya Masisi, ile ya mviringo itokayo kwa wafugaji wa milimani, magharibi mwa mji. Juu yake nyunyiza mkate mkavu uliopondwa na kupakwa siagi, kisha uyaoke.

Huna oveni? Funika sufuria kwa mfuniko bapa wa bati, panga makaa mengi juu yake, machache yabaki chini. Mkate ukishakauka na kupita nyuzi 140, hugeuka kahawia na kutafunika kwa mlio.