Ajali na Ugonjwa wa Kazi Viandikwe

Watu wengi wa Bunyakiri huacha jembe wakaenda kuchimba madini. Jiwe likimwangukia mtu, wote huona. Vumbi la mawe halionekani likiingia mapafuni. Pengine miaka 10 hupita ndipo mtu huanza kukohoa na kushindwa kulima, naye amekwisha rudi nyumbani. Ushahidi ataupata wapi?

Kwa sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, bwana wa kazi lazima ampashe Mkaguzi wa Kazi habari za ajali na za ugonjwa wa kazi. (Anayejichimbia mwenyewe hana bwana wa kumwandikia, na hiyo ni hasara yake kubwa.) Basi ukiumia, hata kidole tu, angalia karani aandike jina lako, siku na mahali. Karatasi ya mkataba iweke pamoja na mbegu, pasipofika maji wala panya.