Harufu Siyo Kipimo cha Sumu

Kijana akiwasha fegi barazani, hapakosi wa kumfukuza: "Nenda kavutie huko, watuudhi na moshi wako!" Pembeni ameketi bibi mwenye tambuu shavuni, popoo na chokaa na kipande cha tumbaku, na hakuna anayemnyooshea kidole. Usiku, vijana wengine hupokezana mrija wa shisha inayonukia tofaa, nao twawaona wanastarehe tu. Tumbaku tumezoea kuipima kwa pua na kwa adabu. Mwili una mizani yake.

Nikotini ndiyo inayomrudisha mvutaji dukani, lakini siyo inayomletea saratani ya mapafu. Kinachomuua ni moshi. Tumbaku ikiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Hutoka pia kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Maji ya shisha hayaizuii. Huupoza moshi tu, ukashuka kooni bila kukereketa, huku mkaa wa juu ukiongeza gesi yake. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kikao cha saa moja chaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Kenya na Rwanda zilipoipiga marufuku shisha mwishoni mwa 2017, zilikuwa na sababu.

Moto ukiondolewa je? Sweden ina jibu la miaka mingi. Huko watu hubana snus, tumbaku laini yenye unyevunyevu, chini ya mdomo wa juu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 1992, na Sweden ilipojiunga mwaka 1995 ikaruhusiwa kubaki nayo. Wanaume wa Sweden ni miongoni mwa wanaovuta sigara kidogo zaidi Ulaya, na vifo vyao vya saratani ya mapafu ni vichache.

Asije mtu akasema basi ugoro wetu ndiyo snus. Snus hupashwa joto kuua bakteria, kwa hiyo nitrosamini, sumu zinazozaa saratani, hubaki chache. Ugoro wetu hutiwa magadi ili nikotini ipenye upesi, na anayeununua sokoni hajui una nitrosamini kiasi gani. Toombak ya Sudan, ndugu yake wa karibu, imekutwa na kiwango cha kutisha. Popoo nayo ilithibitishwa kuleta saratani hata bila tumbaku. Kwa hiyo bibi yetu yumo hatarini, ingawa hanuki moshi. Neno uraibu lenyewe, ambalo leo twalitumia kwa mtu aliyetekwa na dawa, ni jina la mchanganyiko huohuo wa tambuu.

Sigara za kielektroniki haziunguzi tumbaku. Mvuke wake una sumu chache mno kuliko moshi, na Uingereza huwashauri wavutaji wazitumie kuachia sigara. Uganda ilizikataza kwa sheria ya 2015. Mimi naona zinamfaa yule tu ambaye tayari anavuta. Kijana ambaye hajawahi kuvuta hupata humo nikotini na kutekwa, basi.

Njia salama kuliko zote hizo ni chingamu na bandiko la nikotini, visivyo na tumbaku hata chembe. Vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Lakini fegi moja kioskini ni rahisi kuipata kuliko chingamu hiyo, ingawa sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10.

Kumtoa mvutaji barazani ni haki, kwani moshi wa wengine huua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka. Kumdharau ndiko kunakoniuma. Mwanamke anayevuta kwa kujificha hamwambii hata daktari wake, na daktari asiyejua hatampa bandiko. Wakati huohuo miaka inakwenda. Utafiti wa Richard Doll kwa madaktari wa Uingereza, uliochukua miaka 50, ulionyesha kwamba mvutaji hupoteza wastani wa miaka 10 ya uhai. Anayeacha akiwa na miaka 30 huiokoa karibu yote, na anayeacha akiwa na 60 huokoa mitatu.